Isome Kabla Hujaisugua: Kutambua na Kukadiria Bastola ya Vita ya Kijerumani

Bastola ya zamani ikiibuka kwenye sanduku la bati la marehemu, familia nyingi hukimbilia msasa na mafuta ya taa. Kufika jioni chuma kinang'aa, na sehemu kubwa ya thamani yake imeishia kwenye kitambaa. Luger au P38, bastola mbili maarufu za jeshi la Ujerumani, ya wakati wa vita haithaminiwi kwa kung'aa. Inathaminiwa kwa namba zilizopigwa kwenye vipande vyake, kwa mihuri midogo kama punje ya ulezi, na kwa rangi iliyotoka nayo kiwandani. Msasa wa dakika kumi unaviondoa vyote vitatu, na hakuna fundi anayeweza kuvirudisha.

Lakini sheria inatangulia. Mbele ya Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970, kuwa na silaha bila kibali ni kosa, na umri wa bastola haukupi kibali. Urithi nao haukupi. Ukiikuta, iache pale ilipo, ipige picha bila kuigusa, funga chumba, mwite mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji) ashuhudie, kisha peleka taarifa kituo cha polisi waje wao. Usiifunge kwenye gazeti ukapanda nayo boda boda kwa nia njema ya kuisalimisha, maana ukisimamishwa njiani nia yako haionekani. Na afande akiichukua, hakikisha karatasi utakayopewa ina namba nzima pamoja na herufi ndogo inayoifuata. "Bastola moja ya zamani" haitoshi. Bila namba na herufi, hakuna atakayejua kesho kama iliyoko stoo ndiyo ile yenu.

Kuitoa risasi ni kazi ya mwenye kibali au fundi wa silaha wa polisi. Nasisitiza kwa sababu Luger ina hatari ambayo hata watu waliozoea silaha hawaitarajii. Kipande kinachozuia pini ya kufyatulia kimekaa wazi ubavuni kushoto. Sehemu ya juu ikivuliwa kutoka kwenye fremu huku risasi ikiwa bado ndani na pini imekokiwa, ukibonyeza kipande hicho kwa kidole inafyatuka, ingawa haina triga wala mshiko. Kwa hiyo magazini inatoka kwanza (kitufe kiko kushoto, nyuma ya triga), kisha goti la juu (mkono unaokunjwa juu ya bastola) linavutwa nyuma na chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, inatazamwa kwa macho. P38 nayo ina yake: sefti yake imeundwa kuangusha nyundo bila kufyatua, ila vyuma vya mwisho wa vita vimechoka, na nyundo ikianguka juu ya risasi hai inaweza kuilipua. Usijaribu sefti hiyo kwa bastola yenye risasi.

Mwaka na hadithi

Sasa tuingie kwenye utambuzi. Kwanza hakikisha ni ya Kijerumani. Hapa kwetu bastola nyingi zinazoitwa "za Mjerumani" ni Makarov au Tokarev za Kisovieti na ndugu zake. Makarov inafanana sana na Walther PP kwa umbo, na hapo ndipo watu wanapotea. Tokarev mara nyingi ina nyota kwenye vibao vya mshiko. Luger haichanganywi na nyingine: mtutu mwembamba ulio wazi, mshiko ulioinama sana, na juu yake mkono wa vipande viwili unaokunjwa kama goti kila inapofyatuliwa. P38 ina nyundo inayoonekana nyuma, mtutu wa milimita 125 unaotokeza mbele, na kikamatio cha magazini chini kabisa kwenye kitako. Zote mbili hutumia risasi ya milimita 9 kwa 19, na magazini zao hubeba risasi nane.

Halafu linganisha mwaka uliopigwa kwenye chuma na hadithi inayosimuliwa na familia. Kwa Luger nyingi za jeshi mwaka uko juu ya chemba, nyuma tu ya mtutu. Na hapa historia ya Afrika Mashariki inasaidia kuliko kitabu chochote cha bei.

Hadithi ya kwanza huwa hivi: katika vita vya kwanza vya dunia babu alikuwa kikosi cha nne cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kile cha Uganda, akaichukua kwa Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wao huku kwetu. Inawezekana kabisa. Mapigano yalikuwepo mpakani Kagera, Bukoba ilishambuliwa Juni 1915 kwa meli zilizotoka Kisumu, na Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Lakini Waingereza walikuwa wamefunga bahari. Meli mbili tu za shehena zilipenya: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza Aprili 1915, na Marie, iliyofika ghuba ya Sudi Machi 1916. Puto kubwa la anga L 59 lilitumwa Novemba 1917 na likageuzwa likiwa juu ya Sudani. Kwa hiyo Luger iliyopigwa 1917 au 1918 haikuwa mikononi mwa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Ilifika Uganda baadaye kwa njia nyingine, na ikiuzwa kwa jina la Lettow-Vorbeck mnunuzi anayejua atasimama hapo hapo. Iliyopigwa 1911 au 1913 ndiyo inayostahili kuulizwa zaidi.

Hadithi ya pili ni ya vita vya 1939 hadi 1945. Askari wengi wa Uganda walipigana na Waitaliano Ethiopia hadi Gondar ilipoanguka Novemba 1941, wakaenda Madagascar 1942 kupambana na Wafaransa wa Vichy (serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani), kisha Burma 1944 dhidi ya Wajapani. Hakuna Mjerumani katika orodha hiyo. Mzee aliyerudi kutoka Ethiopia ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na Beretta ya 1934. Walioweza kukutana na silaha za Kijerumani ni wale wa vikosi vya kazi na uhandisi waliotumwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Kama kitabu chake cha jeshi au nishani zake zinaonyesha alifika huko, vitunze pamoja na bastola. Karatasi hiyo inaweza kuongeza thamani, mradi mwaka na njia vikubaliane.

Luger: nani aliitengeneza

Mtengenezaji yuko juu ya kiungo cha mbele cha lile goti. Herufi DWM zilizosokotwa pamoja ni kiwanda cha Berlin. Taji na neno ERFURT ni karakana ya serikali ya Prussia, iliyoanza kuzitengeneza 1911. Jeshi lilipokea Luger kwa jina la P08 mwaka 1908, na nyingi za mwanzo hazina mwaka. Miaka ilianza kupigwa 1910. Mtutu wa kawaida ni milimita 100. Ya wanamaji ni 150, na ile ya kikosi cha mizinga ni 200, yenye vipimo vya umbali juu ya mtutu. Hizi mbili za mwisho ni ghali zaidi, ndiyo maana mitutu mirefu mipya hufungwa kwenye bastola za kawaida. Chini, panapokutana mtutu na mwili, kuna mstari mmoja mwembamba uliochongwa ukivuka vipande vyote viwili. Nusu mbili za mstari zisipokutana, mtutu umewahi kufunguliwa.

Ukiona miaka miwili juu ya chemba, kwa mfano 1917 na 1920, hilo si kosa wala ughushi. Baada ya mkataba wa Versailles Wajerumani walipiga 1920 kwenye silaha za vita zilizobaki serikalini.

Mwaka 1930 mashine zilihamia Mauser, Oberndorf, na tangu kuanza kujizatiti upya jina la kiwanda lilifichwa kwa namba za siri. S/42 pamoja na herufi K juu ya chemba ni 1934. Ikiwa na G ni 1935. Kuanzia 1936 mwaka unaandikwa kamili. Mnamo 1939 S/42 ilianza kuachia nafasi namba 42 peke yake, na 1941 zikaja herufi byf zikiwa na 41 au 42 kama mwaka. Hapa watu hukosea kila siku: 42 iliyo juu ya goti ni jina la kiwanda, 42 iliyo juu ya chemba ni mwaka. Mauser iliacha kuitengenezea jeshi Luger mwaka 1942. Ukionyeshwa Luger ya Mauser iliyopigwa 1944, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Krieghoff wa Suhl alitengeneza chache, kwa mkataba wa bastola elfu kumi wa jeshi la anga. Ndiyo maana jina lake hughushiwa kuliko mengine.

Upande wa kulia wa mwili wa juu kuna mihuri ya ukaguzi. Za vita vya kwanza zina herufi zenye taji juu yake, na Erfurt walikuwa wakipiga muhuri karibu kila kipande kidogo. Za Mauser wa baadaye zina tai mdogo mwenye namba chini: 63 kwanza, 655 kuanzia 1939, kisha 135 mwishoni. Muhuri lazima ukubaliane na mwaka. Tai wa 135 kwenye bastola ya 1937 ni jambo la kuulizia.

Namba zinazolingana

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo chukua muda, kioo cha kukuzia na taa ya pembeni. Namba nzima ya Luger iko mbele ya fremu chini ya mtutu, ubavuni kushoto kwenye mwili wa juu, na chini ya mtutu wenyewe. Ina tarakimu hadi nne, na mara nyingi herufi ndogo ya mwandiko chini yake. Kiwanda kilihesabu hadi elfu kumi, kikaanza upya na herufi a, kisha b, na kadhalika, na kila mwaka mpya hesabu ilirudi mwanzo. Kwa hiyo 4127 peke yake, 4127a na 4127b za mwaka mmoja ni bastola tatu tofauti. Ukiandika namba bila herufi na mwaka hujaandika kitu.

Tarakimu mbili za mwisho zimerudiwa kwenye vipande vidogo: bamba la ubavuni, triga, komeo la kufungulia, viungo vya goti, kulabu inayotoa ganda, sefti, pini ya kufyatulia, hata ndani ya vibao vya mshiko. Kwenye za jeshi nyingi ya namba hizi zinaonekana kwa nje, hivyo bila kuifungua tayari unajua mengi. Chukua bastola ya 4127: ukisoma 27 kwenye bamba, 27 kwenye triga, halafu 63 kwenye komeo, una komeo la bastola nyingine. Kipande kimoja kidogo kinashusha bei. Goti zima lisilolingana linaishusha sana.

Kwa kuwa hilo linajulikana, wapo wanaosaga namba ya kigeni na kupiga inayotakiwa. Dalili zake hazifichiki. Telezesha mwanga kwa ubapa juu ya uso wa chuma: panapozunguka namba pamebonyea kidogo, mistari ya kusaga inaelekea upande mmoja, kingo za tarakimu ni kali, na umbo la 4 au 7 si lile lililo kwenye fremu. Kwenye bastola za zamani zilizotiwa rangi kwa njia ya polepole ya kutu, mihuri iliyopigwa baada ya rangi huacha duara jeupe hafifu kuizunguka. Duara hilo likiwa halipo kabisa kwenye mihuri yote, rangi imerudiwa.

Magazini ina namba pia. Za vita vya kwanza zina kitako cha mbao chenye namba na herufi ya bastola; ya akiba ina alama ya kujumlisha. Za Mauser zilikuwa na kitako cha alumini, na mwishoni cha plastiki nyeusi, nyingine zikiwa na herufi fxo za kiwanda cha Haenel. Magazini inayolingana ni nadra kiasi kwamba peke yake inastahili kulindwa. Usiitupe kwa sababu springi imelegea.

Rangi

Hadi 1937 Luger ilikuwa na rangi ya bluu ya kina, na vipande vidogo kama triga, sefti, komeo na kitufe cha magazini vikiwa na manjano ya nyasi kavu. Mwaka huo Mauser walibadili njia, wakatumia chumvi ya moto, na vipande hivyo navyo vikawa vyeusi. Kwa hiyo triga ya manjano kwenye byf 41 ni kazi ya mtu wa baadaye, na triga nyeusi kwenye DWM ya 1914 ni swali hilo hilo kwa upande wa pili. Tazama mdomo wa mtutu na ndani ya fremu: kwenye za vita vya kwanza chuma kiliachwa cheupe. Pakiwa peusi, bastola nzima imechovywa upya.

Wasovieti walichovya maelfu ya silaha walizoteka baada ya 1945. Walizifungua zote, wakachanganya vipande, wakazifunga tena bila kujali namba, na nyingi wakazipiga alama ya X. Ni bastola halisi za vita, ila mkusanyaji hulipa kidogo. Nikeli na kromu pia ni kazi za baada ya vita, hata kama mwenyewe anaapa ni za jenerali. Mauser hawakupiga herufi za SS wala mafuvu wala mitende kwenye Luger za jeshi. Ukiziona, kuna mtu aliyetaka kukuuzia jina.

Usijitie haraka kukataa bastola yenye mchubuko, hata hivyo. Rangi iliyochakaa mbele ya mshiko na kwenye ncha ya mtutu, pale inaposuguana na ngozi ya ala, ni uchakavu wa kweli. Kipande cha mbao kilichovunjika juu kushoto, jirani na sefti, ni ugonjwa wa kawaida wa Luger. Ninaiamini zaidi bastola ya namna hiyo kuliko ile isiyo na alama hata moja baada ya miaka mia.

P38 na nyingine

P38 inasomeka kwa urahisi: namba na alama ya kiwanda ziko kushoto kwenye slaidi, yaani kipande cha juu kinachoteleza. Walther walianza na nembo ya jina lao, wakatumia 480, kisha wakahamia ac, mwaka ukiwa chini yake au kando yake kuanzia 40 hadi 45. Mauser walitumia byf kuanzia 42, kisha svw mwaka 45. Spreewerk walipiga cyq bila mwaka wowote. Tai wa Walther ana 359, wa Spreewerk 88, wa Mauser 135. Namba iko kwenye slaidi, fremu na mtutu, nzima. Ukiona cvq, usifurahie kwamba ni kiwanda kisichojulikana. Ni chapa ya cyq iliyochakaa mkia. Kadiri vita vilivyokaribia mwisho ndivyo alama za mashine zilivyoachwa wazi kwenye chuma. Ukali huo ni wa halali, usiulainishe. Svw zenye nyota ndogo zilitengenezwa chini ya Wafaransa baada ya vita. Na ikiwa fremu ni nyepesi, ya alumini, unayo ya Ujerumani Magharibi iliyotengenezwa kuanzia 1957, ambayo si ya vita hata kidogo.

Walther PP na PPK, Sauer 38, na zile walizotengenezewa katika nchi walizoziteka, kama Browning ya FN ya Ubelgiji na Radom ya Poland, zote hutafutwa. Kwa hizo, muhuri wa tai mwenye namba chini ndio unaotenganisha ya jeshi na ya duka la kiraia.

Bei

Bei unazozisoma mtandaoni ni za minada ya Marekani, ambako soko la silaha hizi ni halali na kubwa. Huko P38 ya kawaida ya mwisho wa vita huenda kwa mamia ya dola hadi elfu moja na ushei. Luger ya vipande vya kuchanganya hukaa karibu na elfu moja. Ya Mauser yenye namba kamili na rangi yake ya kwanza hufika elfu mbili na kuendelea, na Krieghoff safi hupita hizo kwa mbali. Ukirudisha rangi, hesabu nusu imeondoka. Uingereza bastola zilipigwa marufuku 1997 isipokuwa kwa masharti magumu, kwa hiyo mnunuzi wa London si mnunuzi wako. Uganda bastola inahamia kwa mtu mwenye kibali tu, kupitia taratibu za polisi, na kuitoa nje kunahitaji ruhusa hapa na kule inakokwenda. Hivyo basi bei ya Texas haigeuki kuwa shilingi za Kampala. Anayekuambia atakutumia mamilioni ukimpelekea kwa basi anakutengenezea kesi.

Vitu visivyofyatua vina njia nyepesi zaidi. Ala ngumu ya ngozi ya P08 yenye mfuko wa magazini ya akiba na jina la mshonaji, mwaka na muhuri nyuma, au kile kibisibisi kidogo kilichokaa chini ya kifuniko chake, huuzwa peke yake na wakusanyaji huvithamini.

Kwa hali ya hewa ya ukanda wa ziwa, kutu ndiyo adui wa kila wiki. Mwenye kibali apake mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa laini cha pamba na kufuta yaliyozidi, bila brashi ya waya, bila siki, bila dawa ya kuondoa kutu. Madoa mekundu yaachwe yalowe mafuta siku kadhaa, kisha yafutwe taratibu, na yakikataa yaachwe. Bastola isikae ndani ya ala yake hata siku moja: ngozi hunyonya unyevu na chumvi zake hula chuma, ikiacha vishimo vyenye umbo la ala yenyewe. Ala ijazwe karatasi kavu isiyo na wino, isipakwe mafuta ya kula wala ya viatu, na ikae kwenye rafu tofauti na sefu.